Mlima ndio unaomlaza mgeni

Ukitoka Rubavu, kaskazini magharibi mwa Rwanda, kwenda kusini kwa baiskeli, njia ni mbili. Ya kwanza ni lami. Imepanda juu milimani, ina mistari myeupe na mitaro iliyojengwa kwa mawe, na ukiwa na miguu mizuri itakufikisha Karongi siku hiyohiyo kabla jua halijazama. Ya pili ni ya udongo. Inapita Rubona, inapita kiwanda cha bia, inapita chemchemi za maji moto ambako watu huja kukanda viungo, halafu inaanza kulifuata ziwa Kivu ghuba kwa ghuba, ikishuka hadi majini na kupanda tena, ikishuka na kupanda. Kwa njia hiyo ya pili jua litazama ukiwa Kinunu, kilomita 40 na ushee tu, umelowa jasho, na hutaki kusikia habari ya kwenda mbele.

Nilishika ya pili, Julai 2025, mimi na rafiki yangu wa tangu shule, kwa baiskeli mbili za kukodi na mabegi manne. Siku tano hadi Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi. Nimerudi na hoja moja na sitaizungusha: katika pwani yenye milima, mlima ndio mtaji. Mandhari huwavuta watu, hilo sibishi, lakini mandhari peke yake hayampi mtu wa Kinunu hata faranga moja. Anachokipata kinatokana na kwamba mwendesha baiskeli amechoka, giza linaingia, na hapo alipo ndipo atakapokula na kulala. Mnaoshughulika na utalii, na hasa mnaochora barabara, naomba mnifuate taratibu kwenye hoja hii, kwa sababu tunakaribia kufanya kosa lilelile, la kuitupa barabara ya zamani lami inapofika, kwenye maziwa yetu ya Tanzania.

Njia yenyewe inajulikana kwa jina la Congo Nile Trail. Rwanda inaitangaza kama kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, siku 10 kwa mtembea kwa miguu na siku 5 kwa mwenye baiskeli. Haikuchongwa upya kwa ajili ya wageni. Zilikuwepo barabara za vijiji, za magari ya kahawa, na njia za kwenda gulioni. Zikaunganishwa, vikasimikwa vibao, zikapewa jina. Jina limetoka kwenye mgongo wa milima unaokwenda sambamba na ziwa upande wa mashariki. Mvua inayonyesha magharibi ya mgongo huo huingia Kivu, hushuka na mto Ruzizi hadi Tanganyika, hutokea kwa mto Lukuga na kuishia mto Kongo. Inayonyesha upande wa pili hufuata Nili hadi Mediterania.

Ziwa lenyewe ndilo linaloeleza kwa nini barabara ni ngumu kiasi kile. Zamani mito ya bonde hili ilielekea kaskazini, upande liliko ziwa Edward leo. Volkano za Virunga zikamwaga lava na kuiziba njia hiyo; maji yakajaa nyuma ya kizuizi, yakapanda mabondeni, hadi yalipopata upenyo wa kutokea kusini. Leo uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinapita mita 470. Kila ghuba unayoiona ni bonde lililozama. Kila rasi na kila kisiwa ni kilima kilichobaki na kichwa juu ya maji. Ukingo wote umekaa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa ndani ya maji, na barabara inayotaka kuufuata haina ujanja: ama izunguke kidole kwa kidole, ama ipande mgongo wa kidole na kushuka upande wa pili. Ya Kivu inafanya yote mawili.

Nifanye hesabu kidogo, kwa sababu hoja yangu imekaa juu yake. Chukua mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 15 na mzigo wa kilo 15: jumla kilo 100. Kuupandisha uzito huo mita 300, kutoka ghubani hadi mgongoni mwa kilima, kunataka nishati ya kilojuli 294 hivi, kabla hujahesabu changarawe inayokwamisha matairi. Mtu wa kawaida, asiye mwanariadha, anaweza kutoa wati 100 na kuendelea nazo kwa saa kadhaa. Ukigawanya unapata sekunde 2,940, yaani dakika 49. Hicho ni kilima kimoja. Kwenye tambarare, dakika hizohizo na nguvu hiyohiyo zingekupa kilomita 15 au zaidi. Na usidhani utazirudisha ukiteremka. Kwenye udongo mawe yamelegea, kuna mbuzi, kuna watoto wanaotoka shule, kuna mama mwenye ndoo kichwani asiyeweza kugeuka haraka. Mkono haubanduki kwenye breki mpaka vidole vinakufa ganzi. Vilima vitatu vya namna hiyo, ukijumlisha kula na kupumzika, na siku imekwisha.

Basi kilomita 227 ambazo tambarare ningezimaliza kwa siku mbili na nusu, zikachukua siku tano. Tulilala njiani mara nne: Kinunu, Karongi, Mugonero, Kibogora. Na mpanda milima anakula kama mtu aliyeshinda na jembe. Siku ya pili niliandika kwenye daftari kila mahali nilipotoa pesa. Chai na chapati asubuhi. Ndizi mbivu kwa mama aliyeketi chini ya mkaratusi. Chai tena, safari hii na mayai mawili ya kuchemsha. Sahani ya maharage na ndizi za kupika mchana, na sambaza wa kukaanga kwa jirani wa yule mwenye maharage, kwa kuwa yeye hakuwa nao. (Msomaji wa Kigoma asishangae kuwaona sambaza wanafanana na dagaa wake: wameletwa Kivu kutoka Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1950.) Fundi baiskeli, ambaye nitamzungumzia sasa hivi. Maji. Chakula cha usiku na kitanda. Watu wanane walipokea pesa yangu siku moja, na wengi wao hawana kibanda chenye jina wala hawatatajwa kwenye kijitabu chochote cha utalii. Aliyepita juu kwa gari siku hiyo aliweka mafuta Rubavu na akalala hotelini Karongi. Pesa zake huenda zilikuwa nyingi kuliko zangu, lakini zilishika mikono miwili.

Sasa huyo fundi. Tulikuwa kwenye wilaya ya Rutsiro, katikati ya mpando mrefu, nimesimama juu ya pedali, mnyororo ukakatika. Kampuni iliyotukodisha, ambayo sitaitaja, ilikuwa imetuapia kwamba minyororo ni mipya. Tukazisukuma baiskeli hadi kwenye senta ndogo yenye maduka manne, na kwa bahati ilikuwa siku ya soko. Chini ya upenu wa duka lililofungwa alikuwa ameketi kijana na sanduku lake la mbao. Ndani ya sanduku: spana mbili, koleo, msumari ulionolewa ncha ukawa bapa, kopo la oili chafu ya gari, vipande vya tyubu kuukuu vilivyokatwa tayari kwa viraka, na freiwili za zamani zimetungwa kwenye waya kama samaki. Jiwe lililosuguliwa hadi likang'aa ndilo lililokuwa fuawe lake.

Alikuwa amezaliwa Goma, kwa hiyo Kiswahili hakikutusumbua, ila ni Kiswahili cha huko: baiskeli anaiita kinga, mnyororo anauita sheni. Akalaza kiungo cha mnyororo juu ya nati, akaweka msumari juu ya pini, akagonga mara tatu, pini ikatoka upande wa pili bila kudondoka. Hapo ndipo penye ufundi, maana ikidondoka kuirudisha ni kazi. Akaondoa viungo viwili vibovu, akaunganisha. Halafu akafanya jambo ambalo yule wa kampuni hakulifanya. Akaushika mnyororo kwa vidole viwili mbele kabisa ya gia kubwa na kuuvuta nje. Ukainuka juu ya meno, mwanga ukapita chini yake.

"Papa, hii sheni ilishaisha," akaniambia. "Usikanyage na nguvu. Pole pole utafika Kibuye."

Kibuye ndilo jina la zamani la Karongi. Wengi bado wanalitumia. Nikamuuliza kama kazi ipo. Akasema siku ya soko ipo. Siku nyingine hupanda juu kwenye lami, mwendo wa saa moja na zaidi, kwa kuwa waendesha baiskeli za abiria wanakaa huko kwenye njia panda, na hata wageni wenye mabegi sasa wengi wanapita huko. Tungekuja siku moja kabla, tungekuta upenu mtupu.

Nimeliwaza sana lile jibu lake, kwa sababu linanizuia nisiseme mambo mepesi. Mtu anaweza kutoka kwenye safari kama hii akalaani lami. Mimi siwezi. Barabara ya lami kutoka Rubavu hadi Rusizi, iliyojengwa vipande vipande katika miaka ya 2010, imebadilisha maisha ya watu kwa njia ambazo hazina uhusiano na wageni. Kahawa ni mfano wa karibu. Buni nyekundu ikishachumwa haingoji. Inatakiwa kumenywa ndani ya saa chache, la sivyo inaanza kuchacha na bei inaporomoka. Mkulima aliye mbali na kituo cha kuoshea anahitaji barabara leo, si kesho. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Kibogora anahitaji barabara sasa hivi. Na usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua iliponyesha mfululizo na ardhi ya mkoa wa Magharibi ikaporomoka, zaidi ya watu 130 walikufa, wengi wao katika wilaya hizihizi za Rutsiro, Rubavu na Karongi. Anayeuita mlima mtaji, kama ninavyouita mimi, lazima aikumbuke Mei ile. Mlima huohuo unaonilaza mimi Kinunu umewafukia watu usingizini. Kusema barabara nzuri isingejengwa ili mgeni aone mandhari ya asili ni kusema jambo la aibu.

Hoja yangu ni nyingine. Lami inapofika, barabara ya zamani inaachwa bila mwenyewe. Niliona vibao vilivyoanguka. Niliona kidaraja cha miti kilichobaki magogo mawili, na tukavuka mmoja mmoja, baiskeli begani. Hili si la Rwanda peke yake. Rwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na vijijini nilikopita mitaro mingi ilikuwa safi kuliko ya mitaa ya miji yetu mikubwa. Ni tabia ya bajeti za barabara kila mahali: hesabu ya magari yanayopita ndiyo inayoamua nani apewe pesa, na baiskeli, mkokoteni, mbuzi na mtoto wa shule hawahesabiwi. Barabara ya zamani ikipoteza magari inapoteza bajeti, kisha inapoteza daraja, kisha inapoteza fundi.

Siku ya tatu tulitaka kulinganisha kwa haki, tukatoka Karongi kwa lami hadi mchana. Nayo ina milima, tena mirefu, ila mhandisi ameilaza. Mpando hauvunji magoti, na mteremko unakupa kasi ya kweli. Ziwa tuliliona kwa mbali chini, zuri kama picha. Malori yalitupita karibu hadi upepo wake unaiyumbisha baiskeli. Nikafungua daftari wakati wa chakula: tangu asubuhi nilikuwa nimempa pesa mtu mmoja, muuza maji. Hakuna aliyetukatalia. Vijiji vilikuwepo, ila viko kando, juu au chini ya barabara, na mwendo ulikuwa mzuri mno kuukatiza.

Naomba nitoke kidogo kwenye pesa. Karongi na milima yake imebeba mambo mazito ya mauaji ya kimbari ya 1994: kanisa lililo juu ya rasi, uwanja wa mpira, Bisesero kule juu walikojihami watu kwa mawe na mikuki, na Mugonero tulikolala siku ya tatu. Ukipita kwa gari unayasoma majina hayo kwenye vibao. Ukipita kwa baiskeli kwenye njia ya chini, unasimama mbele yake ukihema, unavua kofia, mtu anakuja kukusalimu, na unakuwa na muda wa kunyamaza naye. Jioni, kutoka ukingoni mwa Karongi, tuliona taa za mtambo unaoelea wa KivuWatt, unaovuta gesi ya methani kutoka vilindini na kuzalisha megawati 26 za umeme, na mbele yake wavuvi wakitoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatumitatu, wakiimba kwa kupokezana ili makasia yaende pamoja. Sijui kama niliwahi kuona ziwa likifanya kazi nyingi hivyo kwa wakati mmoja.

Turudi barabarani. Kuna watu wanaokanyaga pedali kwenye milima hii kila siku ambao neno utalii haliwahusu. Goma, hatua chache ng'ambo ya mpaka, kuna chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo, yenye kipande cha tairi nyuma kwa ajili ya breki, inayobeba magunia ya viazi na mkaa kutoka milimani. Mji umeiheshimu hata ukaisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko. Tangu Januari 2025 mji huo uko mikononi mwa waasi wa M23, na mizigo ya watu haijapungua. Burundi, kwenye barabara ya Bugarama kuteremka Bujumbura, vijana wanashuka na mikungu ya ndizi imefungwa kila upande wa baiskeli, halafu wanarudi juu wakiwa wamening'inia nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye bodi na mwingine kwenye usukani. Wamekufa wengi pale. Kwa wao mlima ni gharama tupu: wanalipwa kwa safari, na kila dakika ya kupanda ni dakika isiyolipwa, ndiyo maana wanaing'ang'ania lori.

Mtu anaweza kunigeuzia hilo na kuuliza: unawezaje kuusifia mlima unaowaua wenzako? Nauliza vivyo hivyo usiku nikiwa nimelala. Jibu langu ni kwamba mgeni na mbeba ndizi hawalingani kwa hiari waliyo nayo, lakini wanakutana mahali pamoja, kwa fundi. Fundi mwenye wateja wa aina zote mbili anaweza kubaki na upenu wake wiki nzima, akaweka akiba ya spoki, tairi na mnyororo, na kumhudumia mbeba ndizi kwa bei ndogo. Akibaki na wa aina moja tu, anahama. Njia ya polepole isiyo na malori inamfaa mgeni, na inamfaa zaidi yule mwenye mzigo anayeishi kandokando yake na asiyekuwa na haja ya kufika mbali.

Huko Uskoti kaskazini walifanya kinyume chake, na yaliyotokea yanafundisha. Mwaka 2015 walizindua mzunguko wa barabara za pwani wakauita North Coast 500, maili 516 za milima na ghuba, sehemu nyingi zikiwa barabara za gari moja moja. Walitangaza kwa wote, na waliokuja kwa wingi ni wenye magari na nyumba za magurudumu. Wakazi wakaanza kulalamika: barabara zimeziba, taka zimetupwa kando, na wageni wanakuja na chakula chao ndani ya gari na kulala humohumo. Pwani ni ileile, mandhari ni yaleyale. Mgeni aliyebeba jikoni lake hana haja na sahani yako ya maharage.

Rwanda inajua thamani ya vilima vyake kuliko nchi nyingi. Ziara ya Rwanda, mashindano yaliyoanza mwaka 1988 na kuingia kalenda ya shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, mwaka 2009, hupita mara nyingi upande huu wa ziwa. Tulipokuwa njiani, kila mtu alikuwa anazungumzia Septemba, Kigali itakapokuwa mji wa kwanza wa Afrika kupokea ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Ulifanyika tarehe 21 hadi 28. Wanaume walikimbia kilomita 267.5 zenye kupanda zaidi ya mita 5,000, na Tadej Pogačar akashinda. Nilitazama kwenye simu nikiwa nyumbani na nilishangilia, hasa niliposikia umati wa Kimisagara, mtaa wa Kigali. Ila mbio ni siku nane. Kinunu inahitaji waendesha baiskeli wanne kila siku kwa miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, na wachache wengine baina ya mvua. Wanne tu. Hao hawahitaji uwanja wa ndege mpya.

Wanahitaji njia ya zamani ibaki kwenye vitabu kama barabara, yenye daraja lake na bajeti yake ndogo, hata baada ya lami kupita juu. Matengenezo yake hayataki greda: ni makalvati ya mawe, mitaro ya kuchepusha maji kila baada ya mita chache kwenye mteremko, na watu wa kijiji wanaolipwa kwa kipande wanachokitunza. Wanahitaji kitanda safi kila kilomita 40, si kila 15, wala si hoteli moja kubwa katikati. Na wanahitaji tuache kudhani kwamba mwenye baiskeli na mabegi ni lazima awe Mzungu. Watoto wa Nyamasheke walituita hivyo siku nzima, sisi wawili weusi kama wao, wakitusukuma kwa nyuma kwenye mpando huku wakicheka, kwa sababu hawajawahi kuona Mwafrika anayepanda mlima na mizigo bila kulipwa. Vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaonunua baiskeli za gharama na kuzungukia miji yao alfajiri wako jirani na Kivu kuliko mtu wa Ubelgiji.

Ninapozungumzia hili nina pwani nyingine moyoni. Mimi ni mtu wa Mbinga. Nimekulia kwenye mashamba ya ngoro, mashimo yale ya Wamatengo yanayozuia udongo usiteremke na mvua, na mlima kwangu si jambo la kwenda kutalii. Lami ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay tumeipata, kilomita 66, na nimeishangilia kwa moyo wote, maana nakumbuka siku mbili za kukwama kwenye tope la Machi na mgonjwa ndani ya gari. Sasa tunaiomba lami nyingine, ya ukingoni mwa ziwa Nyasa, kutoka Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, na ni haki yetu kuiomba. Itakapochorwa, mhandisi atafanya alilofanya mwenzake wa Kivu, naye atakuwa sahihi: atanyoosha kona, atalaza mpando, na pengine ataipeleka mbali na maji mahali ambapo ghuba zinamsumbua.

Kinachonitia wasiwasi ni karatasi ya siku ile. Kwenye mkataba huo kuna ukurasa wa nini kifanyike na barabara ya sasa, na kwa kawaida unaandikwa kwa mstari mmoja. Madiwani wetu wa Nyasa wangeudai ukurasa huo mapema, kabla wapimaji hawajasimika vigingi: kipande gani kibaki, nani akitunze, kwa pesa gani. Vijiji vya pale vina maembe, vina dagaa nyasa, vina mchanga mweupe na mawe makubwa yanayoingia majini, na vina milima ya kumchosha mtu kwa kipimo kinachofaa. Vitanda bado ni vichache.

Julai ijayo tunakwenda kuipanda, Lituhi hadi Mbamba Bay, watu sita, watatu kati yao wanawake, na tumekubaliana kuandika kwenye daftari kila tulipotoa pesa na kuwapelekea madiwani hesabu hiyo. Fundi wa Liuli nimeshampigia simu. Ana tyubu, ana spoki, mnyororo wa baiskeli ya gia hana. Nitambebea mitatu, mmoja wetu, miwili yake.